Mwaka wa debe: kidato cha kwanza shule ya kata, Ufipa, 2007

Mleta uzi

Wakuu, dada na kaka zangu, habari za jioni. Mimi ni msomaji tu humu, leo nimelazimika kuandika. Wiki iliyopita kaka yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, Ufipa, mkoani Rukwa. Katika shule niliyosoma mimi, wazazi wameitwa kikaoni kuhusu chakula cha mchana, na wengi wamegoma kutoa mahindi na maharage. Wanasema elimu ni bure tangu Januari 2016, ada ya kutwa ya shilingi 20,000 ilifutwa, sasa hili debe linatoka wapi? Kaka akaniambia, "Wewe ulikaa pale na njaa. Andika, nitawasomea."

Basi naandika mwaka mmoja tu, 2007, nikiwa kidato cha kwanza. Uzi ni mrefu, mtanivumilia.

Shule yetu ilizaliwa kwenye lile wimbi la kila kata iwe na sekondari yake, Lowassa akiwa Waziri Mkuu. Wazee wetu walifyatua tofali, wakazichoma, kila kaya ikapangiwa idadi yake. Sisi tulikuwa kundi la pili kuingia. Tulikuta madarasa mawili yaliyoezekwa, la tatu limeishia kwenye linta na majani yameota ndani. Walimu wanne pamoja na mkuu wa shule. Wawili kati yao walikuwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakaletwa. Siwabezi hata kidogo, mmoja wao ndiye aliyeniokoa, nitamfikia.

Kutoka kijijini kwetu hadi shuleni ni kilomita 14. Wiki ya kwanza niliondoka nyumbani saa kumi alfajiri na baba akinisindikiza hadi kunapambazuka. Siku ya nne nilifika nimelowa mvua mpaka daftari za ndani ya mfuko zikashikana. Jumapili iliyofuata baba akanipangia gheto.

Kwa wasiojua, gheto ni chumba cha kupanga karibu na shule, mwanafunzi anajitegemea mwenyewe. Sisi tulikuwa wasichana watatu katika chumba cha uani kwa bibi mmoja. Mimi nilikuwa na miaka 14. Vitu vyetu: godoro moja, mkeka, sufuria mbili, ndoo, koroboi, na mafiga matatu nje chini ya upenu. Mlango ulikuwa wa mbao, na komeo la ndani lilikuwa kipande cha nondo.

Chakula kilikuwa debe. Kila mmoja alibeba debe moja la mahindi kutoka kwao, tunasagisha dona kwa sababu ukikoboa unapoteza mengi, na debe hilo linatakiwa lifike mwezi. Yule mwenzetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 16, alitafuta kopo tupu la maziwa ya unga, akalichora kwa msumari alama mbili kwa ndani. Alama ya juu ilikuwa ya siku za kawaida. Alama ya chini ilikuwa ya Februari na Machi. Unga ukichotwa, anaupitishia kidole juu ya alama kuusawazisha, kinachozidi kinarudi mfukoni. Mpaka leo nikichota unga jikoni kwangu, kidole kinaenda chenyewe.

Naomba niishie hapa kwa sasa, mtoto analia. Nitaendelea usiku.

Mdau wa Kasulu

Dada umenirudisha mbali sana. Sisi tulikuwa wanne, wavulana. Tulikuwa tunapika mara moja kwa siku, jioni, na kiporo ndiyo chai ya asubuhi. Mchana hakuna kitu. Swali langu: mchana ninyi mlikuwa mnafanyaje?

Mleta uzi

Mchana hatukuwa tunafanya lolote, kaka. Saa nne kengele ya mapumziko ikilia, wa kijiji kile wanakimbia kwao wanakunywa uji. Sisi wa mbali tunakaa nyuma ya darasa upande wa kivuli. Wengine walikuwa wanachimba viazi vilivyosahaulika shambani kwa watu, wakikamatwa ni kesi. Tunarudi darasani hadi saa nane na nusu. Ukitoka hapo ni kuni na maji, ndipo upike. Kwa hiyo kutoka ugali wa jana usiku hadi ugali wa leo jioni ni kama saa ishirini na mbili.

Kwetu Januari hadi Machi ndiyo miezi mibaya. Mahindi ya mwaka jana yanaisha ghalani, ya mwaka huu bado yapo kiunoni. Na ndiyo miezi ambayo mtoto wa kidato cha kwanza anaanza kusoma kila somo kwa Kiingereza. Mambo hayo mawili yalitukuta kwa pamoja.

Nitoe mfano. Darasa la saba nilikuwa mzuri wa hesabu. Namba tasa nilizijua hadi mia moja bila kuangalia popote, KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) nilikuwa nawafundisha wenzangu. Mada ya kwanza kidato cha kwanza ni namba. Mwalimu anaandika ubaoni, anaongea, mimi nanakili. "Praimu, praimu." Nikanakili wiki nzima nikidhani ni kitu kipya kabisa ambacho akili yangu haikifikii. Nikapata 23 kwa mia kwenye jaribio. Ilikuwa Mei, naokota kuni na mwenzangu, ndipo aliponiambia, "Si zile namba tasa tu?" Nilikaa chini na mzigo wa kuni pembeni. Miezi minne nilikuwa nalia usiku kwa kitu nilichokuwa nakijua.

Na kuuliza hakuthubutu mtu, kwa sababu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au Kifipa unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwingine. Darasa zima tukawa bubu. Watoto themanini, na mwalimu akiuliza swali unasikia mvua inavyodondoka kwenye bati.

Halafu usingizi. Kipindi cha tano na cha sita watu walikuwa wanalala kama wamepewa dawa. Fimbo zilitembea. Siku moja yule mwalimu kijana wa hesabu alinikuta nimelalia dawati, nikajua leo ninazo. Akainama, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Jana ulikula nini?" Nikamwambia. Akauliza wa pili, akauliza wa tatu. Akaweka fimbo juu ya dirisha na sikumwona nayo tena mpaka naondoka shule ile. Jumatatu iliyofuata alianza kufundisha kila mada mara mbili, dakika kumi za mwisho kwa Kiswahili, mlango umefungwa.

Mwalimu mstaafu

Binti yangu, nimekusoma kwa makini. Nimefundisha miaka 31, kumi na mitatu ya mwisho katika shule za kata, si mkoa wako lakini hali ni ileile. Naomba niongeze jambo moja ambalo wazazi hawalioni kwa sababu halimo kwenye matokeo.

Rejista ya mahudhurio. Ukiifungua, safu ya Ijumaa ina matundu matupu. Watoto wa mageto wanaondoka Ijumaa saa sita kufuata unga kwao, kwa sababu wakisubiri saa nane na nusu giza litawakuta njiani. Jumatatu wanafika saa tatu, miguu imevimba, na siku hiyo hawashiki kitu. Mwalimu unapanga mada kwa siku tano, unafundisha tatu na nusu. Mwaka wa masomo una siku 194 kwenye karatasi. Kwa mtoto wa gheto nilikuwa nahesabu siku 130, akiwa na bahati.

Nilikuwa nachapa wachelewaji wa Jumatatu. Ninaumia kulisema hili, lakini nilichapa.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Asante kwa kulisema. Ijumaa ni kama ulivyoeleza. Nilikuwa natembea kilomita 14 kwenda, Jumapili kilomita 14 kurudi na debe kichwani. Ngata ya kitenge inalowa jasho, shingo haigeuki. Aprili mvua ilikuwa kubwa, daraja la magogo kwenye mto wa katikati likachukuliwa. Nikakaa nyumbani siku kumi na moja. Niliporudi walikuwa wamefanya mitihani mitatu ya katikati ya muhula, mimi nimewekewa sifuri zote.

Sasa naomba msome kipande hiki polepole, ndicho nilichoahidi kaka yangu akisome kikaoni.

Juni tulifunga. Kwetu huo ni msimu wa mavuno. Likizo nzima tulikuwa shambani tunavunja mahindi, upepo wa kipupwe unakata masikio, usiku mnalala mmejikunja karibu na moto. Lakini ghala limejaa. Julai tukarudi shuleni, na safari hii baba alikodi mkokoteni wa ng'ombe, akatuletea watatu wote gunia zima, na maharage debe moja, na mfuko wa dagaa. Sikwenda nyumbani hata Ijumaa moja hadi katikati ya Septemba. Mwenzetu akalifuta kopo lile kwa kitambaa, akasema alama sasa hazina kazi. Asubuhi tulikunywa uji. Mchana mmoja wetu alikuwa anakimbia gheto, anarudi na makande kwenye sufuria iliyofunikwa kanga, tunakula watatu nyuma ya darasa.

Juni nilikuwa wa 54 kati ya 80. Mwisho wa Septemba nilikuwa wa 11. Walimu walewale, daftari zilezile, Kiingereza kilekile cha kubahatisha. Mwalimu wa hesabu alinisaidia, sitaki kumnyima haki yake, ila alikuwa ananisaidia tangu Machi. Kilichobadilika Julai ni kwamba nilikuwa nakula mchana na sikuwa nakosa Ijumaa.

Mzazi wa Laela

Dada, mimi ni mmoja wa hao mnaosema wamegoma, shule yangu ni nyingine lakini kesi ni ileile. Nakuheshimu, habari yako imenigusa. Lakini nisikilize na mimi. Mwaka jana tulikubaliana debe mbili za mahindi kwa kila mtoto. Nikatoa debe zangu mbili, za mtoto mmoja, nikatoa na maharage. Agosti mwanzoni mtoto ananiambia chakula kimekwisha. Nikauliza mahindi yamekwenda wapi, hakuna anayejibu. Ndiyo nitoe tena mwaka huu? Hatukatai watoto kula. Tunakataa kuibiwa.

Mleta uzi

Kaka yangu, hoja yako ni ya haki na siwezi kuipuuza. Naomba tupige hesabu pamoja, maana mimi sasa ni mtu wa stoo, kazi yangu ndiyo hiyo.

Mtoto mmoja akila makande yenye gramu 150 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 anakula kilo 29. Debe la mahindi ni kilo 18 hivi. Debe mbili ni kilo 36. Maana yake debe mbili zinatosha mwaka mzima na zinabaki za panya na za kumwagika.

Sasa fanya hivi: chukulia nusu tu ya wazazi ndio walitoa, lakini watoto wote wakala, kwa sababu mpishi hawezi kumfukuza mtoto kwenye foleni. Kila mtoto anabaki na kilo 18. Gawanya kwa gramu 150, unapata siku 120. Hesabu siku 120 za masomo kuanzia Januari, toa likizo ya Juni, unaangukia mwanzoni mwa Agosti.

Sisemi hakuna wizi, sikuwepo. Nasema kabla ya kumtafuta mwizi, omba orodha ya waliotoa. Ikiwa wote walitoa na Agosti kimekwisha, hapo kuna mwizi na mimi nitakuwa upande wako.

Na stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi mliyemchagua ninyi. Daftari la kutoa na kuingiza liandikwe kila siku, na jumla ya wiki ibandikwe mlangoni ambapo mzazi yeyote akipita anasoma. Hili halihitaji fedha ya mtu.

Mdau wa Kasulu

Dada, katika simulizi lako ulianza na wasichana watatu. Yule mkubwa mwenye kopo alimaliza?

Mleta uzi

Nilijua swali hili litakuja. Nilimpigia simu kabla sijaanzisha uzi, akaniruhusu niseme, jina nisitaje.

Hakumaliza.

Ilianza ile Februari, miezi ya alama ya chini. Kulikuwa na mwanamume anayepita na lori la mazao, anasimama pale kijijini kwa siku mbili tatu. Akawa anampa mkate, sukari, mafuta ya taa. Mwenzetu analeta gheto. Sisi wadogo wawili hatukuuliza. Tulikula ule mkate. Tulisomea koroboi yenye yale mafuta. Nilikuwa na miaka 14, lakini nilikuwa najua kidogo, na njaa ilinifanya nisitake kujua zaidi. Hilo nimelibeba miaka yote, na nimemwomba radhi kwa kinywa changu.

Msimu wa mavuno yule mtu aliendelea kuja, na wakati huo haikuwa tena habari ya mkate. Oktoba nesi kutoka zahanati alikuja kupima wasichana. Tuliitwa mmojammoja kwenye ofisi. Yeye alitoka akapita pembeni ya darasa, hakuingia kuchukua daftari zake. Jioni tulimkuta amekunja nguo. Kopo akatuachia. Mama yake alikuja kumchukua kesho yake na hawakusemezana njia nzima, ameniambia hivyo juzi.

Siku hizo ukishafukuzwa kwa mimba, mlango umefungwa. Hadi Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa ruhusa wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Yeye 2021 alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Mwanamume yule hakuguswa na mtu, alibadilisha tu njia ya lori.

Nawaomba wazazi wa kiume wanaosoma hapa: mnaposema binti apewe nidhamu, aangaliwe, achungwe, ni sawa. Lakini mtoto wa miaka 16 analala kwenye chumba chenye komeo la nondo, hajala tangu jana, na nje kuna mtu mzima ana mkate. Nidhamu gani hiyo mnamdai?

Mwalimu mstaafu

Binti, nimeinuka nikatembea kidogo ndipo nikarudi kusoma. Nimeandika barua za kufukuza wasichana kwa mimba. Mkuu wa shule anasaini, mimi naandika. Tulikuwa tunaona tunalinda heshima ya shule.

Mabweni yangekuwa suluhisho kubwa kuliko chakula, lakini bweni linataka fedha nyingi na miaka. Sufuria la makande linaweza kuwaka Jumatatu ijayo.

Kijana wa kidato cha nne

Shikamooni wote. Mimi ninasoma sasa hivi shule ya kata, nimeazima simu ya dada. Kwetu umeme umefika na maabara ipo, lakini mageto yapo vilevile. Wasichana wana hosteli iliyojengwa na wananchi, sisi wavulana tunapanga. Chakula cha mchana tunapata makande siku nne, Ijumaa uji. Ijumaa kabla ya uji watu walikuwa wanaondoka saa sita kama mlivyosema. Siku hizi wanasubiri uji ndipo wanaondoka. Dada, samahani, masomo ya sayansi mlisomaje bila maabara?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na hongera, kaza. Hilo la uji wa Ijumaa kaka atalisoma kikaoni neno kwa neno.

Sayansi tulisoma kwa kuchora. Bureti niliichora mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, sijawahi kuishika. Siku hizo Baraza la Mitihani lilikuwa na karatasi ya mbadala wa vitendo, unajibu kwa kalamu tu. Lakini Novemba, kidato cha pili wakiwa kwenye mtihani wao, sisi tukiwa hatuna darasa, yule mwalimu wa hesabu alitukusanya chini ya mti wa msuku. Alikuwa ameomba zahanati mpira wa dripu usiotumika, akaufunga kwenye chupa ya maji iliyokatwa kitako, akaining'iniza kwenye tawi. Akajaza maji ya majivu yaliyochujwa. Chini akaweka glasi yenye maji ya limau, ameyatia rangi kwa maua mekundu yaliyopondwa. Akafungua kile kigurudumu cha dripu, tone, tone, tone, na watoto sabini na kitu tumeinama. Rangi ilibaki nyekundu, ikabaki, halafu tone moja likaigeuza. Watu walipiga kelele mpaka msimamizi wa mtihani akatoka darasani kutunyamazisha. Masuku yalikuwa yameiva, tulikuwa tumeshiba masuku, hakuna aliyelala.

Mzazi wa Laela

Dada, nimempigia mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Watoto ni 212. Wazazi waliotoa debe mbili kamili ni 94, wengine kumi na tano walitoa debe moja. Orodha ipo, hakuna aliyewahi kuiomba. Nimemwambia aibandike mlangoni. Kuhusu kufuli mbili nitalipeleka mwenyewe.

Mleta uzi

Nashukuru sana kaka. Kumbe ni chini ya nusu.

Kikao cha kwetu ni Jumamosi saa nne. Kaka atachapisha uzi huu mjini Sumbawanga kesho akienda kuuza mbegu, ameniuliza asome na sehemu ya mwenzangu au airuke. Nikampigia mwenyewe tena jioni hii, yuko mnadani, anauza samaki, migebuka. Amesema isomwe yote, na kwamba atakuwepo kikaoni. Binti yake yuko kidato cha pili palepale. Debe zake mbili alishazipeleka tangu Julai, kabla hata ya kuombwa.